Kituo cha Oshwal, Nairobi

Ukumbi wa jamii ya Waoshwal, waumini wa dini ya Ujaini, ulioko Westlands, jirani na jengo la maduka la Westgate. Al-Shabaab walipolishambulia jengo hilo tarehe 21 Septemba 2013, kituo kiligeuka mahali pa huduma ya kwanza na pa kupumulia waokoaji. Kwa siku 4 watu wa kujitolea waliwagawia polisi, wanajeshi na wahudumu wa Msalaba Mwekundu chai, maji na chakula kisicho na nyama, maana Ujaini unakataza kuua kiumbe. Askari aliyezoea nyama choma alishiba mboga, na hiyo si faraja ndogo. Waliouawa katika shambulio hilo, mbali na washambuliaji, walikuwa 67.