Tathmini ya maandishi ya watoto (Minneapolis–Saint Paul)

Tathmini ya maandishi ya watoto ni kuisoma insha ya mtoto kwa makini ili kujua ni sehemu gani ya lugha inayomlemea, na tiba ya usemi na lugha ianzie wapi. Katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, jimboni Minnesota, Marekani, kazi hii ina mizizi Chuo Kikuu cha Minnesota. Huko, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, Stanley Deno na wenzake walitafuta kipimo ambacho mwalimu angeweza kukirudia mara kwa mara. Mtoto hupewa mwanzo wa kisa, akafikiri kidogo, kisha akaandika kwa dakika 3. Huhesabiwa maneno yote, maneno yenye tahajia sahihi, na jozi za maneno jirani yanayokubaliana kisarufi.

Hesabu ya jozi ndiyo inayofichua mengi. Kwa mfano wa Kiswahili, “Mtoto anakula ndizi.” ina jozi 4, mwanzo na nukta vikihesabiwa. “Mtoto wanakula ndizi.” ina maneno 3 yenye tahajia safi, lakini jozi 2 tu, kwa sababu kitenzi kimeharibu upatanisho.

Hata hivyo, alama hizo huonyesha kwamba mtoto amekwama, bila kusema kwa nini. Jibu hutafutwa ndani ya sentensi zenyewe. Mwaka 2000 Jennifer Windsor wa chuo hicho, pamoja na Cheryl Scott na Cheryl Street, walichapisha utafiti kuhusu watoto wenye matatizo ya lugha na kujifunza: makosa ya viambishi, hasa kiambishi cha wakati uliopita cha Kiingereza, yalijitokeza zaidi katika maandishi kuliko katika mazungumzo. Mtoto anayezungumza vizuri darasani anaweza basi kukosa msaada anaouhitaji, na hilo ni jambo zito.

Miji hii ina jumuiya kubwa kabisa ya Wasomali nchini Marekani, pamoja na Wahmong na Wakenya wengi. Kwa watoto wao, kosa lilelile laweza kuwa hatua ya kawaida ya kujifunza Kiingereza. Kathryn Kohnert, aliyefundisha chuoni hapo, alisisitiza kupima lugha zote mbili, na sheria ya shirikisho hukataza ufahamu mdogo wa Kiingereza kuwa sababu kuu ya kumhesabu mtoto kuwa mlemavu. Asiyejua kuandika Kisomali husimulia kwa mdomo, mkalimani akiwepo, na mzazi huulizwa kama mtoto alichelewa kusema. Upungufu ukionekana katika lugha zote mbili, tiba hupangwa; ukiwa kwenye Kiingereza tu, anachohitaji ni mwalimu wa Kiingereza.