Mishikaki ya matunda kwa rojo tamu la yogati

Mtoto anayelikataa papai sahanini mara nyingi hulikubali likichomekwa kijitini kando ya tikiti maji jekundu na kipande cha embe. Msimu wa maembe ya Makueni na Pwani, kati ya Novemba na Machi, ndio unaofaa zaidi kwa kitafunio hiki.

Matunda huoshwa kwa maji safi kabla ya kumenywa, si baadaye, maana uchafu wa ganda hufuata kisu hadi ndani. Hatua hii hupuuzwa mno. Ndizi zikishakatwa hunyunyiziwa maji ya ndimu zisigeuke rangi.

Rojo lenyewe ni kikombe kimoja cha yogati nzito isiyo na sukari, vijiko viwili vya asali na matone machache ya ndimu. Ajabu ni kwamba nanasi au papai lisilopikwa likichanganywa ndani yake na kuachwa, vimeng'enya vya tunda huvunja protini ya maziwa na rojo huwa chungu. Matunda hayo yachovywe wakati wa kuliwa tu. Anayetaka rangi ya manjano aponde embe.

Asali hapewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwani yaweza kuwa na viini vya sumu hatari kwake. Kwa walio chini ya miaka mitano, zabibu hupasuliwa mara nne kwa urefu zisiwakabe koo, na ncha za vijiti hukatwa. Pasipo friji, yote yaliwe kabla ya saa mbili kupita. Katika joto la Mombasa, mapema zaidi.