Jean-Jacques Muyembe

Jean-Jacques Muyembe-Tamfum (alizaliwa 1942) ni daktari na mtaalamu wa virusi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, aliyeongoza kwa miaka mingi INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoko Kinshasa. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Lovanium, kisha akabobea Leuven, Ubelgiji.

Mwaka 1976 serikali ilimtuma kijijini Yambuku kuchunguza homa isiyojulikana. Alitoa damu ya wagonjwa bila glavu, akarudi Kinshasa na mtawa mmoja aliyeugua. Sampuli zilizopelekwa Antwerp zilisaidia kutambua Ebola. Kunusurika kwa Muyembe ni jambo la kushangaza hadi leo. Katika mlipuko wa Ebola mjini Kikwit, mwaka 1995, timu yake iliwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, na 7 wakapona. Wataalamu wengi wa nje walilitilia shaka jaribio hilo. Hata hivyo, dawa ya Ebola iitwayo mAb114 ilitokana na kingamwili za mtu aliyenusurika mlipuko huohuo.

Julai 2019 mlipuko mwingine wa Ebola, uliokuwa mashariki mwa Kongo, ulifika jiji la Goma, na mwezi huohuo Rais Félix Tshisekedi akamkabidhi uongozi wa mapambano. Katika mitaa iliyobanana ya wilaya ya Karisimbi mjini humo, kama Katoyi, ugonjwa ungeweza kuenea haraka mno. Chanjo, kunawa mikono na kuwafuatilia waliokutana na wagonjwa vilisaidia kuuzuia mjini. Mlipuko wa mashariki, uliokwisha kuua watu zaidi ya 2,200, ulitangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020.