Profesa Benyam Mezmur na haki ya mtoto kutambuliwa tangu azaliwe

Benyam Dawit Mezmur ni mwanasheria kutoka Ethiopia na profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini. Jina lake halijulikani sana Mombasa wala Kwale. Lakini kazi aliyoifanya na wenzake imegusa jambo linalowakera wazazi wengi wa Pwani: cheti cha kuzaliwa, kipande, na lile swali la "babu yako alizaliwa wapi?" Ameongoza kamati mbili zinazosimamia haki za watoto, moja ya Afrika na nyingine ya Umoja wa Mataifa.

Masomo na utafiti

Mezmur alisomea sheria Chuo Kikuu cha Addis Ababa, akaendelea na shahada ya uzamili Pretoria, kisha uzamivu Western Cape, ambako alibaki kufundisha. Utafiti wake wa uzamivu ulihusu watoto wa Kiafrika wanaoasiliwa na familia za nchi za nje. Wakati huo nchi yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizopeleka watoto wengi ng'ambo kwa njia hiyo.

Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto unasema kumpeleka mtoto nchi nyingine ni hatua ya mwisho, baada ya njia zote za kumlea nyumbani kushindikana. Kenya ilisimamisha uasili wa aina hiyo Novemba 2014, na Ethiopia ikaupiga marufuku mwaka 2018. Kwetu sisi jambo hili si geni. Yatima huchukuliwa na ami, khalati au bibi, na hapotezi jina la babake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, katika kifungu cha 20, unaitaja waziwazi kafala ya sheria ya Kiislamu kuwa njia mojawapo ya kumlea mtoto aliyekosa wazazi.

Mikataba miwili

Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulipitishwa mwaka 1989, na Kenya ikaukubali mwaka uliofuata. Ule wa Afrika ulipitishwa Addis Ababa mwaka 1990, ukaanza kutumika 1999, na Kenya ikajiunga mwaka 2000. Unapiga marufuku ndoa za walio chini ya miaka 18, na unamwekea mtoto wajibu pia, ukiwemo wa kuwaheshimu wazazi na wakubwa.

Usimamizi wake uko mikononi mwa kamati ya wataalamu 11. Kifungu cha 44 kinaruhusu mtu, kikundi au shirika linalotambuliwa kuwasilisha malalamiko dhidi ya serikali. Mezmur aliingia katika kamati hiyo mwaka 2010, na baadaye akawa mwenyekiti wake.

Kesi ya watoto wa Kinubi

Uamuzi wa kwanza kabisa wa kamati hiyo juu ya malalamiko ulitolewa Machi 2011, na ulihusu Kenya. Mashirika mawili yalikuwa yamewasilisha malalamiko mwaka 2009 kwa niaba ya watoto wa Kinubi. Mababu zao waliletwa na Waingereza kutoka Sudan wakiwa askari, wakapewa makazi Kibera zaidi ya miaka 100 iliyopita. Hata hivyo mtoto wa Kinubi alikua bila kujua kama ni Mkenya. Ilimbidi asubiri atimize miaka 18, aombe kitambulisho, kisha apigwe msasa ambao wenzake wa makabila mengine hawaupitii.

Mkataba unasema mtoto asajiliwe mara anapozaliwa, na ana haki ya kupata uraia. Hausemi moja kwa moja kwamba uraia huo aupate siku hiyo hiyo. Kamati iliamua kwamba, kadiri inavyowezekana, mtoto awe na uraia tangu kuzaliwa. Sababu yake ni nyepesi kueleweka: utoto hausubiri. Miaka 18 ya kungoja ndiyo miaka ya kwenda shule na kupata chanjo. Kenya ilipatikana imekiuka haki za watoto hao: kwa ubaguzi, kwa kuwanyima uraia, na kwa athari zilizofuata katika afya na elimu yao.

Mwaka 2014 kamati ilitoa uamuzi dhidi ya Senegal kuhusu watoto waliopelekwa kusoma Qur'ani kisha wakalazimishwa kuomba omba barabarani. Kosa lililoamuliwa halikuwa kusoma dini. Lilikuwa ni kumtumikisha mtoto, na serikali kufumba macho.

Geneva

Kuanzia 2015 hadi 2017 Mezmur aliongoza Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, yenye wajumbe 18. Katika kipindi chake Kenya ilifika Geneva, mwanzoni mwa 2016, kujieleza jinsi inavyowatunza watoto wake. Mwaka 2017 kamati ilitoa mwongozo kuhusu watoto wa mitaani, ikizitaka serikali ziwaone kuwa ni wenye haki, si uchafu wa kuzolewa mjini wageni wanapokuja.

Yanatuhusu vipi Pwani?

Hali ya Wanubi iliwakumba pia Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, na Wapemba wavuvi wa Kwale na Kilifi. Wamakonde walitembea hadi Nairobi Oktoba 2016 ndipo wakatambuliwa. Wapemba walisubiri hadi 2023. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, ilikuwa tayari imesema kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Kwa hiyo sheria ilikuwepo. Kilichokosekana ni wa kuitekeleza, na hapo jamii zenyewe zilitoa jasho. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitia saini agizo la kuondoa msasa wa vitambulisho kwa wakazi wa kaunti za mipakani. Sasa kazi ni kuangalia kama agizo hilo linafuatwa pale dirishani.

Na mzazi ana sehemu yake. Mtoto akizaliwa hospitalini, taarifa ya kuzaliwa huandikwa hapo. Akizaliwa nyumbani, kwa mkunga, taarifa hupelekwa kwa naibu wa chifu. Ukipita miezi sita usajili huhesabiwa umechelewa, na masharti huongezeka. Cheti cha kuzaliwa peke yake hakithibitishi uraia, lakini bila hicho mlango wa kwanza haufunguki: usajili wa shule, mtihani wa kitaifa, na baadaye kipande.

Maprofesa na kamati wameshatamka kwamba haki ya mtoto huanza siku anayozaliwa. Anayenyimwa usajili aombe sababu kwa maandishi, na asiione kuwa ni aibu kulalamika. Watoto wa Kinubi walisikilizwa kwa sababu kuna waliopeleka malalamiko yao.