Utomvu Ndani ya Gurudumu

Gurudumu la baiskeli linaonekana kitu kidogo, lakini ndani yake mna historia ndefu ya binadamu na utomvu wa mti.

Mwaka 1888, mjini Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alifunga mipira iliyojaa upepo kwenye magurudumu ya baiskeli ya mwanawe, ya miguu mitatu. Mwaka 1891 ndugu wawili wa Ufaransa, akina Michelin, wakaleta tairi la kuvuliwa, na tangu hapo kuziba pancha kukawa kazi nyepesi. Baiskeli zikaenea Ulaya, na mpira ukatafutwa kila pembe ya dunia.

Jirani zetu wa Kongo ndio walioulipia. Chini ya Mfalme Leopold, kati ya 1885 na 1908, wanavijiji walilazimishwa kugema utomvu msituni. Aliyepungukiwa alichapwa, wake walishikwa mateka, na watu walikatwa mikono. Nilipofundisha somo hilo niliwaambia wanafunzi watazame baiskeli zilizoegemezwa nje ya darasa, wasidhani historia imo vitabuni tu.

Huku Usukumani baiskeli ilikuwa mali ya mkulima wa pamba. Katika miaka ya Victoria Federation of Co-operative Unions, iliyoundwa mwaka 1955, aliyeuza vizuri alifikiria ng'ombe, bati na baiskeli. Ilibeba magunia, ikabeba samaki kutoka mwaloni, ikabeba hata mgonjwa. Miiba ya migunga haikuihurumia. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, bidhaa zilipoadimika madukani, tyubu ilibandikwa kiraka juu ya kiraka. Ilipokufa kabisa ilikatwa vipande vya kufungia mizigo. Fundi wa chini ya mwembe, mwenye pampu, gundi na beseni la maji, alimtosheleza kila mtu.

Sasa kuna baiskeli za umeme, na fundi huyo amepata mtihani. Katika nyingi, mota imo kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma. Gurudumu ni zito, lina waya, na nati zake hukazwa sana. Kulifungua njiani kwa sababu ya mwiba mmoja ni adha. Ndipo linapokuja wazo la kuondoa tyubu. Magari yalitangulia: kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani ilitangaza tairi lisilo na tyubu mwaka 1947. Kwa baiskeli za milimani, Mavic ya Ufaransa ilileta mfumo wake mwaka 1999.

Kazi yenyewe haina uchawi. Matundu ya spoki ndani ya ringi huzibwa kwa utepe usiopitisha upepo. Valvu hufungwa kwenye ringi yenyewe. Kisha dawa ya majimaji, ambayo mara nyingi ina utomvu wa mpira, hutiwa ndani ya tairi. Mwiba ukitoboa, upepo huisukuma dawa kwenye tundu, ikaganda, kama mti unavyoziba jeraha lake. Lakini ringi na tairi sharti viwe vya kushikana vizuri. Vinginevyo tairi laweza kuchomoka chini ya mzigo, na mota huongeza uzito na mwendo. Aidha, joto hukausha dawa hiyo baada ya miezi michache, lazima iongezwe.

Mimi sipingi. Mtu anayetoka Magu na samaki wa kuuza Mwanza, pancha ikimweka juani nusu siku, anapoteza mtaji. Ila nauliza swali la mwalimu: dawa ikikauka akiwa Magu, ataipata wapi? Tyubu ilidumu kwetu kwa sababu kiraka kilipatikana kila njia panda. Basi anayebadili gurudumu na abebe tyubu ya akiba, na anayeuza baiskeli hizi afikishe dawa hadi duka la kijijini, amfundishe na fundi. Mti wa mpira unaota hapa nchini, Muheza na Kilombero. Safari hii utomvu wake umsaidie kwanza anayeishi karibu nao.