Marfa, Alpine na Fort Davis

Marfa, Alpine na Fort Davis ni miji midogo jirani magharibi mwa jimbo la Texas, Marekani, katika nyanda za juu za Jangwa la Chihuahua, mita 1,350 hadi 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana jua ni kali. Usiku hupoa hata kiangazi.

Marfa ilianza mwaka 1883 kama kituo cha maji cha garimoshi. Mchongaji Donald Judd alihamia huko miaka ya 1970, akanunua majengo ya kambi ya zamani ya jeshi, na humo makumbusho ya sanaa ya Chinati Foundation yakafunguliwa mwaka 1986. Wapenzi wa sanaa wenye fedha walifuata. Nyumba za matofali mabichi, zilizojengwa na familia zenye asili ya Meksiko kwa sababu udongo ulikuwa rahisi kupatikana, zikageuka mali ya kifahari. Thamani yake ilipopanda, kodi ya majengo ilipanda pia, ikawaelemea hata wenyeji wasio na nia ya kuuza. Hilo ndilo jeraha kubwa la mji huu wenye watu wasiofika 2,000. Nyumba nyingine hupangishwa kwa wageni wa siku chache, hivyo walimu na wahudumu hutatizika kupata makazi.

Alpine, umbali wa kilomita 42, ina Chuo Kikuu cha Sul Ross, hospitali na stesheni ya treni. Fort Davis hutegemea utalii na kituo cha kuchunguza nyota cha McDonald Observatory, na taa za nje hudhibitiwa ili nyota zionekane.