Pikapu Inavuma Mbele? Jua Kama ni Beringi, Tairi au Sivi Jointi Kabla Hujanunua Spea

Gari la 4WD likianza kutoa mlio mbele, wengi hukimbilia dukani kununua beringi. Fundi anabadilisha, hela inatoka, gari linarudi barabarani na mlio uko palepale. Kumbe yalikuwa matairi.

Wengine hufanya kinyume. Wanaongeza sauti ya redio na kuendelea na safari, mpaka siku gurudumu linapoanza kucheza. Beringi ikisagika kabisa, gurudumu linaweza kukwama au kuchomoka gari likiwa kwenye mwendo. Ndiyo maana mlio huu si wa kupuuza, na pia si wa kubahatisha.

Makala hii inahusu zaidi Toyota Land Cruiser za 70 Series na Hilux, maana ndizo zimejaa kwenye barabara zetu. Vipimo vingi vitakufaa hata kama unaendesha gari jingine.

Anza na nati za tairi

Kabla ya yote, zima gari ukague nati za magurudumu yote mawili ya mbele. Nati zilizolegea hutoa mgongano na kutikisa usukani, na mtu anaweza kudhani ni beringi. Hazikugharimu chochote kukaza, lakini ukizisahau zinaweza kukuua.

Angalia pia kama kuna kijiwe kimenasa kati ya diski ya breki na bati lake la kuzuia vumbi. Kijiwe kidogo tu hutoa mlio mkali wa chuma unaotisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Sikiliza aina ya mlio

Kila ugonjwa una sauti yake:

- Mvumo wa "vuuu" unaopanda kadiri mwendo unavyopanda: beringi au matairi.
- "Kwaru-kwaru" ya kusaga, hata kwenye mwendo mdogo: beringi iliyokwisha, au pedi za breki zimeisha na chuma kinakula diski.
- "Ta-ta-ta-ta" unapokata kona ukiwa kwenye 4WD: sivi jointi.
- "Ko! Ko!" unapopita kwenye shimo au tuta: bushi, shokapu, boli jointi au tairodi.
- "Kiii" inayokuja au kukatika ukikanyaga breki: pedi au diski.

Tofautisha pia sauti ya injini na sauti ya gurudumu. Ukiwa kwenye mwendo, barabara ikiwa wazi, toa gia uweke nyutro kwa sekunde chache bila kuzima injini. Mvumo ukibaki vilevile wakati injini imeshuka, chanzo kiko kwenye vitu vinavyozunguka na magurudumu. Usifanye hivyo kwenye mteremko.

Beringi au tairi?

Hapa ndipo watu wengi hupotea, hasa wenye matairi ya matope yenye meno makubwa. Matairi hayo huvuma yenyewe hata yakiwa mapya.

Dalili ya kwanza ni barabara. Sauti ya tairi hubadilika ukitoka kwenye lami laini kuingia lami yenye kokoto, na kwenye udongo laini inaweza kupotea kabisa. Sauti ya beringi haijali sana uso wa barabara.

Dalili ya pili ni mkono wako. Gari likiwa limesimama, pitisha kiganja juu ya meno ya tairi. Ukihisi mabonde na vilima, tairi limeliwa vibaya na linaweza kuvuma kama beringi mbovu. Hamisha matairi ya mbele uyapeleke nyuma. Mlio ukihamia nyuma, umeokoa pesa ya beringi.

Dalili ya tatu ni kuyumbisha gari. Kwenye barabara pana isiyo na magari, ukiwa mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa, zungusha usukani kidogo kushoto, kisha kidogo kulia. Ukienda kushoto, uzito wa gari unalalia upande wa kulia. Mvumo ukiongezeka hapo, mara nyingi beringi ya kulia ndiyo mgonjwa. Ukiongezeka unapokwenda kulia, shuku ya kushoto. Hii ni dalili tu, hukumu itatolewa kwenye jeki.

Kipimo cha habu za mbele

Kama gari lako lina habu za kufunga na kufungua kwa mkono, kama Land Cruiser nyingi za kazi, una kifaa cha uchunguzi cha bure.

Kwanza, fungua habu zote mbili, weka gia ya 2H, uendeshe. Hapo magurudumu ya mbele yanazunguka peke yake. Sivi jointi, difu ya mbele na propela shafti ya mbele vinapumzika. Mlio ukiwepo, wa kushukiwa ni beringi za gurudumu, tairi au breki.

Pili, funga habu zote mbili, baki kwenye 2H, pita barabara ileile. Sasa magurudumu yanazungusha vile vilivyokuwa vimelala. Mlio ukitokea sasa tu, achana na beringi za gurudumu. Tafuta kwenye sivi jointi, difu au propela shafti.

Tatu, nenda kwenye udongo au mchanga, weka 4H, ukate kona taratibu pande zote mbili. Ukisikia "ta-ta-ta", sivi jointi imechoka. Kipimo hiki usikifanye kwenye lami kavu. 4WD ya aina hii hufunga mbele na nyuma pamoja, na kwenye lami gari hujikaza, hugonga na kuumiza gia hata likiwa zima.

Kipimo cha jeki

Egesha sehemu tambarare, vuta hendibreki, weka mawe au magogo kwenye magurudumu ya nyuma. Inua mbele, kisha weka stendi imara chini ya ekseli, au chini ya chesisi kwa Hilux yenye mikono ya suspensheni. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

1. Shika tairi juu na chini, kama saa 12 na saa 6 za saa ya ukutani. Sukuma na kuvuta kwa nguvu. Likicheza, kuna kitu kimelegea.
2. Mwambie mtu akanyage breki na kuishikilia, urudie. Mchezo ukiisha, ni beringi ya gurudumu, kwa sababu breki imefunga habu isicheze. Mchezo ukibaki, tafuta ndani zaidi: kwenye Land Cruiser ni beringi za kingipini, zile mbili za juu na chini zinazobeba goti la ekseli. Kwenye Hilux ya kisasa ni boli jointi au bushi.
3. Shika kushoto na kulia, kama saa 9 na saa 3. Mchezo wa upande huu tu, bila ule wa juu na chini, mara nyingi ni tairodi au boksi ya usukani.
4. Zungusha tairi kwa mkono, huku mkono mwingine umeshika springi. Beringi nzima huteleza kimya. Mbovu utaihisi ikikwaruza kupitia springi hata kabla sikio halijasikia.

Usishangae tairi likisugua kidogo sehemu moja ya mzunguko. Pedi hugusa diski, na hilo ni jambo la kawaida.

Dalili nyingine za kuangalia

*Pedali ya breki inazama.* Beringi ikilegea, diski hutikisika na kusukuma pedi nyuma. Ukikanyaga mara ya kwanza pedali inashuka, ya pili inasimama juu. Wengi hutoa upepo kwenye breki bila mafanikio.

*Habu moja inachemka.* Baada ya safari ambayo hukutumia breki sana, dondoshea habu zote mbili matone ya maji. Usiguse kwa kidole, unaweza kuungua. Upande unaochemsha maji una tatizo, lakini usisahau kwamba breki iliyong'ang'ania nayo huleta joto hilo.

*Taa ya ABS inawaka.* Kwenye magari yenye ABS, beringi iliyolegea inaweza kuvuruga sensa ya gurudumu.

*Grisi inachuruzika.* Ukiona mafuta au grisi nyembamba kama supu kwenye goti la ekseli la Land Cruiser, oili sili ya ndani imechoka. Mafuta ya difu yanaingia na kuharibu grisi. Yasipozuiwa, beringi hufuata.

Kwa nini zinaisha mapema

Kwanza ni maji. Ukitoka kwenye mwendo mrefu, habu huwa za moto. Ukiingia mtoni ghafla, hewa iliyo ndani hupoa na kujikunja, kisha huvuta maji kupitia kwenye sili. Grisi yenye maji hailindi kitu. Anayevuka mito kila wiki akague grisi mara nyingi zaidi ya anayeishi mjini.

Pili ni barabara za vumbi zenye mawimbi, kama ile ya kutoka lango la Naabi kwenda Seronera ndani ya Serengeti. Mtikisiko usiokoma hupiga beringi, na vumbi hutafuna sili.

Tatu ni mapambo. Rimu zilizotokeza nje na spesa huongeza nguvu inayokunja beringi. Gari linapendeza, beringi inalia. Ongeza mzigo uliozidi uwezo, na umri wake unapungua zaidi.

Nne ni ufundi mbaya: kugonga beringi kwa nyundo, kufunga grisi chafu yenye mchanga, au kukaza nati kupita kiasi.

Ukifika gereji, simamia haya

Land Cruiser 70 Series zina beringi mbili za koni kila gurudumu la mbele: ya ndani kubwa, ya nje ndogo. Hizi zinaweza kufunguliwa, kusafishwa, kupakwa grisi na kukazwa upya. Kama zimelegea tu lakini hazina madoa, vishimo wala rangi ya bluu ya kuungua, huenda huhitaji mpya. Grisi ikiwa na chembe zinazong'aa kama fedha, chuma kimeanza kusagika.

Hilux ya kisasa, kama Vigo, ina beringi moja iliyofungwa kila upande mbele, na huingizwa kwa presi. Haikazwi wala haipakwi grisi. Ikicheza au kuvuma, inabadilishwa. Fundi akikuambia ataikaza tu, muulize ataikaza wapi.

Kwa zile za koni, hakikisha:

- Beringi inabadilishwa pamoja na kikombe chake. Koni mpya kwenye kikombe cha zamani haikai muda.
- Oili sili inawekwa mpya kila habu inapofunguliwa.
- Grisi ni ya joto kali, safi, na inasukumwa mpaka itokee upande wa pili wa beringi, siyo kupakwa juu juu.
- Nati inakazwa huku gurudumu linazungushwa ili koni zikae, kisha inalegezwa na kukazwa tena kidogo kwa kipimo cha kitabu cha gari. Fundi makini huvuta stadi kwa mizani ya springi kujua ugumu wa mzunguko.
- Washa ya kufuli inakunjwa sawasawa. Hiyo ndiyo inayozuia nati isijifungue njiani.

Kwenye kununua spea, bei ndogo kupita kawaida ni onyo. Linganisha namba iliyochongwa kwenye beringi ya zamani na mpya, na ukague kama maandishi ni safi. Beringi feki inaweza kukaa kimya wiki mbili, kisha ikakuacha mbali na mji.

Baada ya kilomita mia chache, inua tena gari ukague mchezo. Beringi mpya hujikalisha, na nati inaweza kuhitaji kukazwa kidogo.

Ikikuta porini

Mlio ukigeuka kuwa wa kusaga, au usukani ukianza kutikisika, punguza mwendo taratibu bila kukanyaga breki ghafla. Simama mahali salama, acha habu ipoe, kisha pima mchezo wa tairi kwa jeki. Likicheza kidogo na una spana ya habu, unaweza kukaza na kusogea polepole mpaka kijiji cha karibu, abiria na mzigo wakiwa wameshuka. Likicheza sana, au habu ikitoa moshi, usilisogeze hata mita. Ita fundi aje na beringi hapo hapo.